Mtoto Akiuliza Habari za Biashara ya Utumwa, Tumsimulie na Waliokataa



Shukrani zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake. Baada ya hayo, wiki hii safu yetu ya malezi inaligusa jambo ambalo wazazi wengi hulikwepa, nalo huwarudia watoto wao wakiwa peke yao darasani.

Hufika siku mtoto akarudi kutoka shule na daftari la Historia mkononi, akauliza: "Baba, ni kweli sisi Waislamu ndio tuliowauza watu?" Amesoma habari za misafara ya Tabora na Ujiji, bandari ya Bagamoyo na soko la Zanzibar. Amesikia majina ya wafanyabiashara, akagundua kwamba ni majina kama yake: Hamed, Said, Salim, Khamis. Pengine wenzake wamemcheka. Swali lake linahusu somo la Historia, lakini ndani yake mna swali zito zaidi: je, dini yangu ni ya haki?

Baadhi yetu humkaripia na kumwambia asiulize maneno ya makafiri. Wengine hukanusha kila kitu, wakasema kuwa hizo ni porojo za wamisionari. Wengine hunyamaza, wakatumai atasahau. Majibu yote matatu yana hasara. Aliyekaripiwa hujifunza kuficha shaka yake. Aliyeambiwa ni porojo atakua, atasoma, atazuru Bagamoyo, ataona kwamba mzazi wake hakumwambia kweli, na hapo hatajua ni lipi jingine katika aliyofundishwa nyumbani ambalo si kweli. Ama aliyenyamaziwa, atajibiwa na mtu mwingine, wala hatuchagui sisi mtu huyo atakuwa nani.

Njia iliyobaki ni kusema kweli yote. Na kweli yote ina sehemu mbili: waliotenda dhuluma, na waliosimama kuikataa. Vitabu vyetu vingi huisimulia ile ya kwanza kwa urefu, na hii ya pili kwa mistari miwili mitatu, na mara nyingi ile mistari huishia kwa manowari za Waingereza. Mtoto hubaki akidhani kwamba Mwafrika alikaa tu akisubiri kuuzwa, kisha akasubiri kukombolewa.

Tuanze na yale yasiyofichika

Katika karne ya 19 Waarabu na Waswahili wa pwani, wengi wao Waislamu, waliongoza misafara ya kwenda bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mashuhuri kuliko wote, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu chake kipo hadi leo. Hili halina ubishi, wala Uislamu hauhitaji tulikanushe.

Lakini msafara haukutembea kwa miguu ya mtu mmoja. Matajiri wa Kihindi pale Unguja walikopesha mitaji. Watemi na wakubwa wa bara waliwauza mateka wa vita vyao. Wafaransa walinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya miwa ya visiwa vya Mauritius na Réunion. Pembe zilikwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vitufe vya piano na mipira ya biliadi, na kutoka Marekani ikaja ile nguo ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Watumwa waliobaki Unguja na Pemba walilima karafuu zilizouzwa dunia nzima. Mtoto aelezwe mnyororo wote, asionyeshwe pingili moja tu. Shabaha hapa ni kumfundisha kwamba dhuluma kubwa huwa na washirika wengi, na kila mshirika ataulizwa fungu lake. Haitakuwa haki tukiyatumia maelezo haya kumtoa hatiani Mwislamu aliyeuza watu.

Vilevile tumsahihishie picha moja. Si kila aliyebeba mzigo katika njia ya kutoka pwani hadi Tabora alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakajadili malipo yao na kugoma walipodhulumiwa. Babu zetu wa upande huu walikuwa wafanyakazi, wakulima, wafanyabiashara na wapiganaji. Wapo waliouzwa, na wapo pia, Allah atusamehe, waliouza.

Dini ilisema nini

Uislamu uliukuta utumwa umeenea Arabuni, Rumi na Uajemi. Haukuufuta kwa siku moja, na mzazi asimwambie mwanawe kwamba uliufuta. Ulichofanya ni kuufinya mlango wa kuingilia na kuipanua milango ya kutokea. Katika Surat al-Balad, kumwacha huru mtumwa kumetajwa kuwa ndiko kuipanda ile njia ngumu ya mlimani. Katika Surat at-Tawba aya ya 60, ukombozi wa watumwa ni mmoja wa mafungu manane ya Zaka. Katika Surat an-Nur aya ya 33, waumini wameamrishwa kumwandikia mkataba mtumwa anayetaka kujikomboa, na kumsaidia kwa mali.

Na kuhusu kumkamata mtu huru na kumuuza, ambayo ndiyo biashara iliyofanyika katika vijiji vya bara, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha, katika Hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, kwamba Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mkulima aliyevamiwa usiku, mtoto aliyenyakuliwa kisimani, mwanamke aliyehadaiwa kwa chakula wakati wa njaa: wote hao walikuwa watu huru. Aliyewauza, hata kama aliswali safu ya mbele, aliuza alichokataza Mola wake. Basi mtoto akikuuliza kama dini yake ni ya haki, mjibu kwamba dini ndiyo inayomshitaki mfanyabiashara yule.

Kisha msimulie kisa cha Salman al-Farsi (r.a.). Alikuwa kijana huru wa Kiajemi, akatoka kwao kuitafuta haki. Wasafiri aliowaamini na kuwapa mali yake wakamgeuka njiani, wakamuuza, akauzwa tena hadi akafika Madina. Aliposilimu, Mtume (s.a.w.) alimwambia afanye mkataba na bwana wake. Bei ikawa kupanda mitende 300 na kulipa uqiya 40 za dhahabu. Maswahaba wakachanga miche, huyu 30, huyu 20, huyu 15, kila mtu kwa uwezo wake, na Mtume (s.a.w.) akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Ilipokuja dhahabu kiasi cha yai la kuku, akampa Salman amalize deni lake. Jamii nzima ilishika majembe kwa ajili ya uhuru wa mtu mmoja mgeni. Watoto wa Rwamgasa, wanaoijua dhahabu na shida ya kuipata, watakielewa kisa hiki kuliko wengi.

Waliokataa katika nchi yetu

Upinzani wa kwanza haukuwa wa bunduki, ulikuwa wa miti na matope. Wasafiri waliopita Unyamwezi na Usukuma katika karne ya 19 walikuta vijiji vilivyozungushiwa boma la magogo, na aghalabu ua mnene wa minyaa, ule mti wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Mtoto wa kanda hii anaujua mti huo, bado upo kwenye mipaka ya miji yetu. Mwonyeshe, mwambie kwamba kulikuwa na wakati ambapo ua ule ulisimama kati ya familia na mnyororo. Kulinda mlango usiku, kukubaliana ishara ya hatari, kwenda kisimani kwa makundi: hayo nayo ni mapambano, na wengi walioyafanya hawakuandikwa popote.

Karibu nasi pia yupo Mtemi Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 alipigana na wafanyabiashara wa Tabora, na alipomaliza kuwashinda, njia ya kwenda Ujiji ilifungika. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa upande wa wafanyabiashara, naye akashuhudia kushindwa kwao. Vita viliendelea hadi walipopatana mwaka 1876, na Mirambo alifariki Desemba 1884 akiwa mtawala mkubwa kuliko wote katika eneo lile. Watoto humpenda, na wana haki ya kumpenda. Hata hivyo tusimpambe kwa asichokuwa nacho. Mirambo alipigania ushuru, njia na heshima ya utawala wake, na rugaruga wake nao waliteka watu. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini anayefundisha historia hana ruhusa ya kuvuta. Mtoto ajifunze mapema kwamba kumpinga dhalimu ni jambo moja, na kuipinga dhuluma yenyewe ni jambo jingine.

Tuelekee pwani. Mwaka 1873, mwaka uleule ambao Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, watumwa wa mashamba ya miwa ya bonde la Pangani waliasi, wakatoroka na kuanzisha makazi yao wenyewe. Hawakusubiri karatasi ya Sultani wala ya balozi wa Uingereza. Na wangeisubiri, wangengoja sana: hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika sheria ya kuufuta ilitungwa mwaka 1922. Kati ya mkataba na uhuru kamili ilipita miaka 49. Katika miaka hiyo yote, aliyekuwa huru mara nyingi ni yule aliyejikomboa mwenyewe. Kiswahili kikamwita mtoro, jina la kumkemea mtu. Tuwaulize watoto: aliyekimbia mnyororo, anastahili jina la kukemewa?

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Wazigua. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa ilipiga Uzigua, na watu wengi wakapandishwa majahazi, baadhi yao kwa kuahidiwa chakula na kazi. Walishushwa kusini mwa Somalia, wakatiwa utumwani katika mashamba. Mapokeo yao yanasimulia kwamba mwanamke mmoja, Wanankhucha, aliwaongoza kutoroka kwa pamoja, wakishika njia ya kurudi kwao. Walipofika bonde la mto Juba ardhi ikatetemeka, naye akaona kuwa hiyo ni ishara ya kusimama pale. Wakafyeka msitu, wakalima, wakajilinda. Watoro wa makabila mengine, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wakawafuata. Eneo hilo likajulikana kama Gosha, na mmoja wa viongozi wake mashuhuri, Nassib Bunda, ambaye naye alipata kuwa mtumwa, alifariki mwaka 1906 akiwa mfungwa wa Waitaliano.

Watu hawa waliingia katika Uislamu na wengi wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150 katika nchi ya Wasomali. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na serikali yetu ikawapa ardhi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya wazee wao, kisha wengi wakapewa uraia. Ile safari aliyoianza Wanankhucha ilimaliziwa na vitukuu. Mabinti zetu wakitafuta mwanamke wa kujivunia katika historia ya nchi hii, huyu hapa.

Wa mwisho ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, mashariki mwa Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa. Alikulia katika nyumba ya tajiri wa Kiarabu, akafanya biashara, akasoma elimu ya dini hadi akawa miongoni mwa masheikh wakubwa wa pwani na kiongozi wa twarika ya Qadiriyya. Waingereza walipoingia walimteua kuwa Liwali wa Bagamoyo, mji uleule alioingia akiwa bidhaa. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono TANU. Wapo waliodhani kwamba elimu na uongozi wa dini ni urithi wa nasaba fulani. Sheikh Ramiya hakuwajibu kwa matusi, aliwajibu kwa kukaa kwenye mkeka na kufundisha.

Tahadhari mbili

Kwanza, somo hili lisigeuzwe kuwa chuki. Mtoto asitoke mezani akimchukia Mwarabu wa dukani ambaye hakumuuza mtu yeyote, kama ambavyo hatutaki mwenzake amchukie yeye kwa sababu ya jina lake. Hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine, na hilo ni fundisho la Qur'ani.

Pili, tusafishe ndimi zetu. Bado wapo wanaopeleleza asili ya mchumba kwa kunong'onezana kwamba babu yake alikuwa mtumwa. Aibu ya utumwa ni ya aliyefunga, si ya aliyefungwa. Bilal (r.a.) alipanda juu ya al-Kaaba kuadhini, na miongoni mwa wakubwa wa Makka wapo waliochukia kumwona pale. Majina yao husahaulika. La Bilal twawapa watoto wetu.

Na leo hapa kwetu?

Historia isiyogusa leo huwa hadithi ya kulalia. Wasafiri walimhadaa Salman. Majahazi yaliwabeba Wazigua kwa ahadi ya chakula. Sasa tujiulize kuhusu binti wa miaka 13 anayeletwa kwenye miji ya machimbo kutoka mkoa wa mbali kwa ahadi ya kusomeshwa, akafika akawa mpishi wa mama ntilie, halali kabla ya saa sita usiku, mshahara wake anapokea "shangazi" aliyemleta. Tujiulize kuhusu mvulana anayeacha shule kuponda mawe, kuteremka kwenye duara, au kushika zebaki kwa mikono mitupu pale mwaloni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Chunya, Geita na Kahama. Miongoni mwa waliotajwa mle wamo watoto wa kanda yetu, wakiwemo, bila shaka, watoto wa Kiislamu.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinakataza mambo haya. Lakini sheria bila ya jirani anayeona haina miguu. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti katika mji wa wachimbaji, na nasema wazi: tukipokea sadaka ya saruji na mabati tusione haya kumuuliza mtoaji ni nani anayemfanyia kazi na anamlipa nini. Itakuwa ajabu kuwafundisha watoto habari za soko la Unguja hali chai tunayokunywa imeandaliwa na mtoto wa mtu asiyejua atarudi lini kwao.

Namna ya kufundisha nyumbani

Mtoto wa miaka 6 hadi 9 asimuliwe Bilal, Salman na Wanankhucha, bila ya maelezo ya mateso yatakayomkosesha usingizi. Wa miaka 10 hadi 13 aelezwe njia za misafara na mnyororo wa wanunuzi, akiwa na ramani mbele yake: Urambo, Tabora, Bagamoyo, Pangani, Unguja. Kijana wa sekondari apewe yote, pamoja na yale yanayotia uchungu, na aachwe abishane nasi.

Jioni moja ya wiki hii, baada ya swala ya Isha, zimeni televisheni mjadili maswali haya:

1. Kwa nini mtu anaweza kuswali na bado akadhulumu? Sisi tunajilinda vipi?
2. Mirambo alipinga nini, na hakupinga nini?
3. Ungekuwa pamoja na Wanankhucha, ungeogopa nini zaidi, kubaki au kukimbia?
4. Je, mtaani kwetu yupo mtoto anayefanya kazi asiyoistahili umri wake? Tufanye nini wiki hii?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno pekee. Anzeni kwa kuzungumza na mtoto mwenyewe kwa upole, kisha mwoneni mjumbe au afisa ustawi wa jamii, au pigeni simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo haina malipo. Na kama anayemtumikisha ni mmoja wetu wa safu ya mbele, basi aonywe na wa safu ya mbele.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoipanda njia ngumu, awarehemu waliofia safarini bila ya kaburi wala jina, na awahifadhi watoto wetu wasiuzwe wala wasiuze.

Wabillahi tawfiq.